Dokta, Mara ya Mwisho Ulishika Goti Lini?

Swali lilikuja mwishoni mwa kipindi cha vitendo, wakati ambao kwa kawaida hakuna anayeuliza kitu kwa sababu kila mtu anakunja taulo aondoke. Tulikuwa kwenye kipimo cha Lachman, kile cha kuangalia kama ACL imekatika, ile ligamenti ya ndani ya goti inayozuia mguu wa chini usiteleze mbele. Mwanafunzi mmoja kalala kitandani kajifanya majeruhi, mwenzake kamshika goti. Nilikuwa nikimwelekeza: goti likunjwe kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja utulize paja, mwingine ushike mguu kwa nyuma, chini kidogo ya goti, kisha vuta mbele, haraka lakini bila kumwumiza.

"Unasikia nini?"

"Nasikia linagota, Dokta."

"Vizuri. Goti zima linagota. Ligamenti ikikatika hakuna pa kugota, mguu unateleza mbele na mwisho wake ni laini."

Akarudia tena, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kisha, bila ubaya wowote, akauliza: "Na wewe Dokta, mara ya mwisho kushika goti lisilogota ilikuwa lini?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikasema ni siku nyingi kidogo, nikawaaga.

Si siku nyingi kidogo. Ni miaka.

Tangu hapo swali hilo linanifuata. Linakuja kwenye vikao vya idara, linakuja nikisahihisha rasimu za tasnifu, linakuja usiku nikijibu wahakiki wa jarida wanaotaka nifafanue jedwali la tatu.

## Kupanda na kusogea

Ni wachache wanaoingia kwenye fani hii kupitia maktaba. Wengi tunaingia kwa mlango wa uwanjani: ulicheza ukaumia, mtu akakuhudumia, ukabaki unajiuliza alijuaje. Au hukuwa na kipaji cha kucheza, ukapewa kubeba sanduku la huduma ya kwanza, ukalipenda sanduku kuliko mpira.

Kisha ngazi inaanza. Uzamili, uzamivu, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, na huko juu kabisa maprofesa. Nimeipanda kwa jasho na siijutii. Lakini nikiitazama sasa naona kwamba kila nilipopanda kidato kimoja nilisogea hatua moja kutoka kwenye mstari wa uwanja, na kila mara nilipongezwa. Walianza kwa kunipunguzia zamu za timu ili nipate muda wa kuandika. Ilikuwa fadhila, nami niliipokea kama fadhila. Baadaye zamu zikaisha zenyewe, na sikumbuki ni wiki gani.

Nisijifanye nimeonewa. Anayehudumia timu hana Jumamosi, hana jioni, na safari za mechi hazimwulizi kama nyumbani kuna mgonjwa. Malipo yake mara nyingi hayalingani na saa anazofanya. Wengi wa niliosoma nao waliobaki uwanjani wameshaiacha kazi, na hawakuiacha kwa kutoipenda; walichoka. Hao ndio wanaoniambia wanaitamani meza yangu.

Mimi pia nilizitaka Jumamosi zangu.

Kwa hiyo lile jibu jepesi, kwamba mfumo ulinipokonya uwanja, silikubali. Nusu ya safari ile nilitembea mwenyewe.

## Kinachojulikana na kiganja

Kuna jambo kuhusu goti ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja na uwanja hulifundisha kwa miaka. ACL ikikatika, dakika chache za mwanzo ndizo zenye ukweli. Damu haijajaa ndani ya kiungo, maumivu hayajakomaa, na misuli ya nyuma ya paja haijapata habari. Ukichelewa, goti linavimba, majeruhi anaogopa, misuli ile inakaza na kuuvuta mguu nyuma, yaani inafanya kazi ya ligamenti isiyokuwepo tena. Unavuta, goti linagota. Limekudanganya.

Daktari wa kliniki anayempokea kesho yake, hata awe bingwa, anakuta goti ambalo limeshajua kujificha. Mwenye nafasi bora ya kujua alikuwa yule aliyekimbia na sanduku kutoka kwenye benchi.

Haya nayafundisha kila mwaka, na nadhani nayafundisha vizuri. Ila siku hizi nayafundisha kwa kumbukumbu. Makala itakuambia kipimo hiki hunasa majeruhi wangapi kati ya mia. Haitakuambia ule ulaini uko vipi, na mwalimu ambaye kiganja chake kimeanza kuusahau hawezi kujua kwamba kimesahau. Hapo ndipo swali la yule kijana linaponichoma.

## Aliyeuliza na aliyechoka

Nilirudi kwa waanzilishi, kama tufanyavyo sisi wasomi tukibanwa.

Mwingereza A. V. Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Otto Meyerhof kwa kazi yao juu ya msuli, alikuwa mkimbiaji. Alipotaka kujua mwili unaokimbia unatumia oksijeni kiasi gani, alikimbia mwenyewe kuzunguka kiwanja cha nyasi, mfuko wa kukusanyia pumzi ukiwa mgongoni.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Stockholm, kilichochapishwa mwaka 1966. Jonas Bergström na Eric Hultman walishirikiana baiskeli moja ya maabara. Mmoja alikaa upande huu, mwingine upande ule, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja mpaka mguu ukaishiwa nguvu, mguu wa pili ukipumzika. Kisha wakala wanga kwa siku 3, huku wakichukua vipande vidogo vya msuli kutoka mapajani mwao kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulijaza tena glaikojeni, yaani akiba ya wanga ndani ya msuli, hadi takriban mara mbili ya ule uliopumzika. Mguu wa pili, ndani ya mwili uleule, ukilishwa chakula kilekile, ulibadilika kidogo tu. Mkimbiaji wa marathoni anayejishibisha wanga kabla ya mbio anatumia walichokigundua watu hao wawili.

Watu wawili! Leo wahakiki wangeirudisha kazi ile kwa sentensi moja: sampuli ni ndogo. Na wangekuwa na haki, kwa sababu fani yetu imejaa tafiti za vijana kumi wa kiume waliookotwa kwenye korido za chuo, na matokeo yake mengi ukiyarudia huyapati. Ile ya Stockholm ilisimama kwa kuwa swali lake lilikuwa safi, mguu mmoja ukawa shahidi dhidi ya mwenzake, na waliorudia wakaona yaleyale.

Siwaonei wivu kwa Nobel wala kwa sifa. Nawaonea wivu kwa sababu aliyeuliza na aliyechoka walikuwa mtu mmoja.

## Barafu inanirudisha mezani

Mwenzangu mmoja ambaye hajawahi kuuacha uwanja aliposikia hangaiko langu alifurahi waziwazi. "Nilikuambia ndugu yangu, makaratasi hayatibu mtu."

Nilitaka kukubaliana naye. Kisha nikaikumbuka barafu.

Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika maelekezo ambayo makocha wa kila mahali waliyakariri: pumzisha, weka barafu, funga bandeji, inua. Yalikuwa mafupi, yakaenea kuliko ushahidi wowote uliokuwapo wa kuyabeba. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na pumziko kamili huenda vinachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe na joto la mwanzo ni sehemu ya mwili kujikarabati. Barafu inatuliza maumivu, hilo halina ubishi, na kwa hilo ningeitumia hata leo. Lakini nenda uwanja wowote uone mifuko inavyofungwa kwenye kila kiungo, dakika baada ya dakika, kana kwamba mwaka 2014 haujafika.

Chukua na ile hesabu ya 220 ukitoa umri wako, eti ndiyo kasi ya juu kabisa ya moyo wako. Ilitoka kwa Samuel Fox na William Haskell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikusanya takwimu za watu wengine wakapiga mstari wa makadirio juu yake. Hapakuwa na utafiti uliofanywa ili kuitunga fomula hiyo. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo zaidi ya 10. Ikabandikwa kwenye mashine za mazoezi, ikawa sheria. Ukimwambia mtu aliyelipia saa ya kupima mapigo kwamba namba ile ni ya kukisia, anakutazama kana kwamba umemtukania saa.

Na asidi ya laktiki, inayosingiziwa maumivu ya misuli ya kesho yake, hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Bado naisikia ikilaumiwa kila mwanzo wa msimu.

Bila meza na majarida ningekuwa hadi leo nafundisha hayo yote, tena kwa sauti nzito ya mtu mwenye uzoefu. Uzoefu nao ni mjanja: uliweka barafu, mchezaji akapona, ukaishukuru barafu. Kifundo cha mguu kilichoteguka kidogo hupona hata ukikiimbia.

Kwa hiyo mwenzangu naye simkubali. Aliyekaa mbali na uwanja na aliyekaa mbali na majarida wanapitwa na wakati sawasawa, tofauti ni kwamba mmoja ana cheo.

## Beseni

Kilichonigeuza ni makala niliyokuwa naiandaa kwa ajili ya somo la wiki, ambayo nilishaifundisha mara nyingi bila kuitazama nani aliiandika na akiwa wapi.

Inahusu kiharusi cha joto. Mwanamichezo anajituma, joto la ndani linapita nyuzi 40, akili inavurugika: anatukana, anapepesuka, hajui yuko mji gani. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso hakifai hapo, kinaweza kusoma vizuri huku mtu anaungua ndani. Cha kuaminika uwanjani ni cha njia ya haja kubwa, na kila mwaka wanafunzi hucheka nikisema hivyo, na kila mwaka nawaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha nawasimulia habari za Korey Stringer, mchezaji wa Minnesota Vikings, timu ya futiboli ya Kimarekani, aliyezidiwa na joto kambini akafariki tarehe 1 Agosti 2001, akiwa na miaka 27. Mwaka 2010 ilianzishwa taasisi yenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na kanuni inayoihubiri inatosha kuandikwa kwenye kiganja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mtu azamishwe mwili mzima, hadi shingoni, kwenye maji ya barafu, palepale alipoanguka. Gari la wagonjwa lingoje. Lengo ni joto lishuke chini ya nyuzi 40 ndani ya nusu saa.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ninaoujua unatoka kwenye mbio za Falmouth, Massachusetts, maili 7 katika joto la Agosti. Kwa miaka 18 hema la tiba la mbio hizo lilirekodi wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto waliotibiwa namna hiyo. Hakuna aliyekufa.

Hata mmoja.

Nimeisoma makala hiyo mara nyingi kwa ajili ya takwimu zake. Safari hii nikaisoma kwa ajili ya mabeseni. Mtu alilazimika kuyapanga asubuhi kabla ya mbio kuanza. Mtu alihakikisha barafu inatosha. Mtu alimshika mkimbiaji anayerusha ngumi, akampima joto, akaandika namba, akamzamisha, akampima tena, akaandika tena, mwaka hadi mwaka, na karatasi hizo hazikutupwa. Kile ambacho maabara isingeweza kukifanya kamwe, kwa kuwa hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu kumchemsha mtu hadi azimie, kilifanywa na watu wa hemani waliokuwa na tabia ya kuandika.

Kama ningepewa kuchagua utafiti mmoja wa kuandikwa jina langu, ningeuchagua huo. Na usingeweza kufanywa na mtu wa meza pekee.

## Wasiokuwa kwenye jedwali

Kuna jambo jingine uwanja ulilijua mapema. Baada ya mbio za mita 800 za wanawake kwenye Olimpiki ya 1928, wakubwa wa michezo waliamua kwamba umbali huo unawazidi wanawake, wakauondoa hadi 1960. Marathoni ya wanawake ilisubiri hadi 1984. Maabara zetu zilikuwa na adabu zaidi lakini hazikuwa na haraka zaidi: wanawake waliachwa nje ya tafiti kwa kisingizio kwamba hedhi ingevuruga matokeo, kana kwamba kinachowatokea nusu ya binadamu ni kasoro ya vipimo.

Wakati huo waliokaa kwenye mabenchi ya soka na mpira wa kikapu walikuwa wakiona magoti ya wasichana yakikatika ACL kwa wingi kuliko ya wavulana. Utafiti ulipofika ulithibitisha, na baadaye ukaleta dawa: mwaka 2008 jaribio la Norway kwa wachezaji soka 1,892 wa kike wa miaka 13 hadi 17 lilionyesha kwamba mpangilio maalumu wa kupasha mwili kabla ya kucheza ulipunguza majeraha kwa ujumla kwa karibu theluthi moja. Lakini zoezi hilo linataka kama dakika 20, na linataka kocha anayekubali kuzitoa kila kipindi cha mazoezi. Makala haiwezi kumpasha mtu mwili.

## Mengineyo

Nilimwendea mkuu wa idara nikaomba alasiri kadhaa za kila wiki pembeni mwa uwanja, na timu ya chuo. Hakukataa. Alinitazama tu kama mtu anayesubiri kuambiwa sababu ya kweli.

Timu hiyo ina tabibu wake, mwanafunzi wangu wa zamani. Ananiita Dokta, ananipokea kwa heshima zote, kisha ananituma maji. Sikutegemea kwamba ningefurahia kutumwa.

Wiki ya kwanza mchezaji mmoja alikanyaga vibaya akateguka kifundo. Tulifika pamoja. Kuna kanuni za Ottawa za kuamua nani apigwe eksirei, nazifundisha kwa slaidi yenye mchoro wa rangi: bonyeza ukingo wa nyuma wa sentimita 6 za mwisho za mfupa, ndani na nje, mwone kama anaweza kupiga hatua 4. Tabibu alifanya hayo yote kwa vidole vyepesi. Nilikuwa natazama vidole vyake. Yeye hakuvitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama uso wa mchezaji, na alikuwa anamsimulia habari za goli alilokosa kipindi cha kwanza ili asijue kidole kinafika lini.

Kwenye slaidi yangu hakuna uso.

"Umejifunza wapi hiyo?" nikamwuliza baadaye.

"Hapahapa. Wakijua unabonyeza wanajikaza, Dokta. Wanataka kurudi mchezoni, wanakuficha."

Tangu hapo tumeanza kuandika. Kila jeraha, liliangaliwa baada ya dakika ngapi, lilionekanaje wakati huo na lilionekanaje kesho yake kliniki. Daftari kwanza, kisha kompyuta, na kamati ya maadili imeshapitisha kwa masharti ya kuchosha lakini ya haki. Ni yeye aliyebuni safu ya tano ya jedwali, inayouliza kama majeruhi alijua anapimwa. Nisingeifikiria.

Fomu ya tathmini ya mwaka ina nafasi ya makala, nafasi ya manukuu, nafasi ya fedha za utafiti na nafasi ya wanafunzi niliowasimamia. Saa za uwanjani nimeziandika chini ya Mengineyo, ambako nafasi yake ni mistari miwili. Makala itakayotoka kwenye daftari lile itakuwa na jina lake kwanza, langu la pili. Mkuu wa idara amenikumbusha, kwa nia njema kabisa, kwamba jina la pili lina alama chache na kwamba maombi ya uprofesa yanafungwa mwakani.

Nimemwambia nitaomba, na kwamba alasiri zile hazigusiki.